Pikipiki inapiga stata ila haiwaki: ushike plagi kwanza au kabureta?

Kuna pikipiki isiyozunguka kabisa, unabonyeza stata unasikia "tk" basi, hiyo kesi yake ni betri, rilei au stata yenyewe na siizungumzii hapa. Nayoizungumzia ni ile inayozunguka vizuri tu, che-che-che-che, taa zinawaka, honi inalia, kila kitu kinaonekana kizima ila haishiki. Unapumzika, unabonyeza tena, wapi. Baada ya dakika kumi we una jasho na betri nayo imeanza kulegea, na hapo ndo wanaokuzunguka wanagawanyika makundi mawili. Kuna wa "toa plagi hiyo" na kuna wa "hiyo kabureta imeziba fungua", na kila kundi lina hadithi zake za siku lilipopatia.

Mi nimeshakaa makundi yote mawili kwa hiyo ngoja niyalinganishe. Niseme kabisa nimeegemea wapi: plagi kwanza, karibu kila mara. Si kwamba plagi ndo mbovu kila mara, hapana, mara nyingi tu plagi ni nzima kabisa. Ni kwamba plagi inakaa palepale ambapo moto (cheche ya umeme), mafuta na pumzi (mgandamizo wa silinda) vinakutana, ukiitoa inakupa habari za wote watatu, kabureta ukiifungua inakupa habari zake yenyewe tu.

Kabla ya kushika spana

Haya nayapitia haraka maana kila mtu anayajua na kila mtu anayasahau. Swichi nyekundu ya kuzimia injini: kwenye pikipiki nyingi ukiizima stata nayo inakufa, ila zipo ambazo stata inaendelea kuzunguka kama kawa huku moto umekatwa, na hizo ndo zinadanganya watu. Stendi ya pembeni ipandishe, weka neutro. Koki ya mafuta iko wazi? Tikisa tenki usikie mafuta yenyewe, geji usiiamini. Choki, kama injini ni ya baridi ivute, kama ni ya moto irudishe. Kama pikipiki ilianguka na ni ya injekta (inayopulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta), ina sensa inayokata injini ikilala, kwa hiyo isimamishe, zima swichi ya ufunguo kabisa, subiri kidogo, washa upya, nimeona mtu anasukuma mashine nusu saa kumbe ilikuwa inasubiri azime awashe tu.

Na stata usiipige mfululizo. Sekunde tano, acha ipoe kidogo, tano tena. Ukiishikilia muda mrefu unaipika, na betri ikishachoka unakuwa umejiongezea tatizo la pili juu ya la kwanza, afu hutajua tena lipi ni lipi.

Ilizimaje?

Hili swali ndo lina thamani kuliko spana zote na halihitaji kufungua chochote. Pikipiki iliyozima ghafla na iliyozima taratibu ni wagonjwa wawili tofauti. Nimeweka hivi ubavu kwa ubavu ili uone inaegemea wapi:

| | Inaelekea kwenye moto | Inaelekea kwenye mafuta |
|---|---|---|
| Ilivyozima | ghafla, kama umezima taa ya chumbani | ilikohoa, ikakosa nguvu, ikafa polepole |
| Kilichotangulia | imenyeshewa au imeoshwa kwa maji ya presha | imetoka kujazwa mafuta, au imesimama miezi |
| Harufu ukipiga stata | petroli inanuka kwenye eksozi | hainuki kitu |
| Plagi ukiitoa | imelowa | imekauka kabisa |
| Ukitia tone la petroli kwenye silinda | hakuna mabadiliko | inashika sekunde moja mbili inazima |

Hili jedwali sio sheria. Safu ya plagi kulowa hasa ina mtego: plagi iliyolowa maana yake mafuta yamefika na hayajaungua, sasa hayajaungua kwa sababu moto haupo, au kwa sababu mafuta yamekuja mengi mno mpaka yamezima moto uliokuwepo. Kwa hiyo ukikuta imelowa bado hujamaliza, unaipima moto kwanza ndo unahukumu.

Kundi la plagi na kundi la kabureta, nani anakula muda wako

Kutoa plagi kwenye pikipiki ya silinda moja ambayo kichwa chake kiko wazi ni kazi ya dakika tano, unahitaji spana ya plagi na kitambaa. Puliza au pangusa uchafu kuzunguka plagi kabla hujailegeza maana mchanga ukidondokea ndani ya silinda hutaupenda. Ukirudisha anza kwa vidole mpaka ikae, spana iwe ya kukaza mwisho tu, kichwa cha injini ni aluminiamu na uzi wake ukishapindika hiyo sasa ni kesi nyingine yenye gharama. Zaidi ya hapo hakuna cha kuharibu.

Kabureta upande wa pili. Unatoa siti au kava, unalegeza klempu, mpira wa kuingizia hewa unagoma kutoka, unatoa waya wa akseli, waya wa choki, paipu ya mafuta, afu ndo unafika kwenye bakuli, lile la chini linaloweka mafuta. Ndani kuna pini ya floti (boya linalopima kiasi cha mafuta kwenye bakuli) ambayo ikidondoka kwenye nyasi imeenda, kuna oringi ndogo na springi kwenye skrubu ya mchanganyiko ambazo watu wengi hawajui zipo mpaka zikosekane. Na ile skrubu usipoihesabu mizunguko kabla ya kuitoa (unaifunga taratibu mpaka iguse, unahesabu, unaandika) basi ukirudisha pikipiki itawaka vibaya na utadhani ugonjwa haujapona kumbe ni wewe. Saa nzima mpaka mbili kwa asiye na mkono mwepesi.

Kwa hiyo hata kama uwezekano wa plagi na kabureta ungekuwa nusu kwa nusu, bado ningeanza na kile cha dakika tano.

Ila nawapa kundi la kabureta haki yao sehemu moja. Pikipiki iliyowekwa miezi kadhaa na mafuta ndani ya bakuli, iliyozimwa ikiwa nzima, hiyo mi mwenyewe naenda kwenye kabureta moja kwa moja. Petroli inayokaa wazi inapoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowaka haraka, inabaki kitu kizito kinachonuka kama vanishi na kinaacha gundi kwenye vitundu. Jeti (kipande chenye tundu la kupimia mafuta) ndogo ya silensa, tundu lake halifiki nusu milimita, gundi kidogo tu limekwisha. Na jeti hiyo ndo inayolisha injini wakati akseli imefungwa, yaani wakati huohuo unaopiga stata.

Kusoma plagi

Plagi imetoka, iangalie kabla hujaifuta, watu wanaifuta kwenye suruali kwanza afu wanauliza ilikuwaje.

Imelowa na inanuka petroli: mafuta yanafika. Imekauka na ni safi baada ya kupiga stata mara nyingi: mafuta hayafiki. Nyeusi ya masizi makavu: ilikuwa inakula mafuta mengi siku nyingi, labda choki imeganda au eakilina (kichujio cha hewa) imeziba, na masizi yenyewe yanapitisha umeme kwa hiyo moto unavujia pembeni badala ya kuruka kwenye pengo. Nyeusi ya mafuta ya oili, inateleza: oili inapanda, hiyo ni ringi au sili za valvu, andika pembeni utaikuta tena chini.

Angalia pia pengo. Pikipiki ndogo nyingi zinataka kama 0.6 mpaka 0.9 mm, kitabu chake kinasema namba kamili. Pengo likiwa kubwa sana moto unashindwa kuruka hasa betri ikiwa imechoka, pengo likiwa limezibwa na punje ya masizi moto hauruki kabisa.

Kusafisha au kununua mpya? Kusafisha kwa brashi na petroli kunakufikisha nyumbani. Ila plagi iliyolowa mara nyingi ikakauka ikalowa tena, ile kaure nyeupe ya ndani inashika uchafu usiouona na inaweza kugoma moja kwa moja hata ukiifuta ing'ae. Mi nabeba ya akiba chini ya siti, naweka mpya, nikiona imewaka jibu nimelipata bila kubishana na ya zamani. Hakikisha namba ni ileile, maana kwenye plagi za NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi na kwenye Bosch ni kinyume, ukichanganya hesabu za kampuni mbili unajiletea masizi au unachoma pistoni. Urefu wa uzi nao, plagi ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni.

Kupima moto: plagi kwenye chuma, au testa

Njia ya kwanza kila mtu anaijua. Unairudisha plagi kwenye kofia yake, unagusisha chuma cha plagi kwenye chuma kitupu cha injini (sio palipopakwa rangi), unapiga stata unaangalia cheche. Mbali na tundu la plagi tafadhali, kwenye lile tundu unatoka mvuke wa petroli kila pistoni inapopanda, na mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna siku ambayo hali ya hewa itakuokoa. Usiishike kwa mkono mtupu, ule umeme ni wa maelfu kwa maelfu ya volti. Na usipige stata kofia ikining'inia bila plagi, umeme wa koili (inayopandisha volti za plagi) lazima upate pa kwenda, ukikosa unaweza kupasua njia ndani ya koili au CDI yenyewe, kile kiboksi cha elektroniki kinachoiamrisha koili itoe moto.

Cheche nzuri ni nene, ya bluu au nyeupe, na unaisikia "tak tak". Ya njano au nyekundu nyembamba ni ya mashaka.

Tatizo la njia hii ni kwamba inakupa matumaini ya uongo. Nje ya injini moto unaruka kwenye hewa ya kawaida, ndani unatakiwa kuruka kwenye hewa iliyobanwa mara nyingi na hiyo ni kazi ngumu zaidi, koili iliyochoka inaweza ikatoa cheche nzuri mkononi mwako na ikashindwa ndani. Testa yenye pengo la kurekebisha inashinda hapo, unaifungua mpaka kama milimita 6, moto ukiruka pengo hilo basi ni wa kweli. Kama huna testa usijidanganye kuwa umemaliza, weka alama ya kuuliza tu uendelee.

Moto hamna kabisa? Anzia mwisho wa waya urudi nyuma. Hapa nina kisa changu. Pikipiki yangu ilizima ghafla baada ya mvua, plagi imelowa, moto hamna, nikabadilisha plagi bado hamna. Aliyekuwa ananisaidia alishasema CDI imekufa tutafute nyingine, mi nikajaribu kuzungusha kofia ya plagi, ikatoka yenyewe mkononi. Zile kofia nyingi zimefungwa kama skrubu kwenye waya, sio zimegundishwa, na wengi hawajui. Nikaangalia ncha ya waya: badala ya shaba inayong'aa kulikuwa na unga wa kijani, nyuzi zimeliwa zimebaki mbili tatu fupi zisizofika kwenye skrubu ya ndani ya kofia. Nikakata waya kama sentimita moja, shaba nyekundu ikaonekana, nikaskrubu kofia, nikapiga stata ikashika kabla sijaondoa kidole. Tulikuwa tushaanza kupanga habari ya CDI mpya.

Kofia nyingi zina rezista ndani ya kama kilo-omu 5, ukiwa na mita pima, ikisoma mbali sana na hapo au isiposoma kabisa ndo yenyewe. Baada ya kofia ndo unakuja waya, koili, viungio vya nyaya vilivyoingia maji, CDI, na koili za kwenye magneto (jenereta ndogo ya injini). CDI ni ya mwisho kwenye orodha yangu kwa sababu huwezi kuipima vizuri kwa mita ya kawaida, unaihukumu kwa kubadilisha na nyingine nzima.

Kitu kingine, CDI ziko za aina mbili na inabadilisha kila kitu. Zile zinazolishwa na koili ya magneto hazijali betri, betri hata ukiitoa ukipiga kiki inawaka. Zile zinazolishwa na betri, betri ikilegea stata inakula umeme wote na CDI inabaki na njaa: injini inazunguka ila moto hamna au ni mwembamba. Linganisha stata na kiki kama pikipiki yako ina vyote viwili. Ikiwaka kwa kiki na kukataa kwa stata, kabureta iache kabisa, ni betri hiyo. Kwa mita: betri nzima imepumzika inasoma kama 12.6 volti na zaidi, ukipiga stata ikishuka chini ya 10 hivi imechoka.

Moto upo, mafuta hayafiki

Hapa tena kuna njia mbili, ya kukimbilia kushusha kabureta na ya kuilegeza nati ya chini ya bakuli. Anza na nati. Weka kikombe cha kioo au chupa ya plastiki inayoonyesha, legeza, angalia. Mafuta yakitoka afu yakaendelea kutiririka, njia kutoka tenki iko wazi. Yakitoka kidogo yakakata, kuna kizuizi juu: koki, filta, au kifuniko cha tenki kimeziba tundu la hewa. Hilo la kifuniko ni rahisi, kifungue usikie kama kinavuta hewa "fsss", afu jaribu tena kikiwa wazi.

Na kile kikombe usikimwage haraka. Kiinamishe, kiache dakika mbili. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini, utayaona kama shanga zinazoviringika kwenye kona ya kikombe na petroli inapita juu yake bila kuchanganyika. Ukiona shanga hizo umeokoa siku nzima, moto wako ni mzima, kabureta ni nzima, ni maji tu, unamwaga bakuli na ikibidi tenki. Harufu pia, kama inanuka mafuta ya taa au dizeli basi ulichojaziwa sio petroli.

Mafuta mazuri yanatiririka na bado plagi ni kavu? Sasa jaribu tone. Wengine wanatumia spreyi ya kuwashia injini kwenye eakilina, wengine petroli kidogo ndani ya tundu la plagi. Spreyi ni ya haraka, hufungui plagi, ila watu wanaimwaga kama dawa ya mbu na injini inapiga kwa nguvu isiyotakiwa, na ikirudisha moto nyuma una moto kwenye boksi la hewa karibu na tenki. Petroli kwa bomba la sindano, mililita moja hivi, rudisha plagi, pangusa iliyomwagika, piga stata, hiyo ina kipimo na unajua umeweka kiasi gani. Mi natumia ya pili. Ikishika sekunde moja mbili ikafa, hapo sasa kundi la kabureta wana haki yao, fungua.

Ukiifungua: jeti ipulizwe kwa hewa na spreyi ya kusafishia, vaa miwani maana inarudi usoni. Usichokonoe kwa waya wa chuma, jeti ni ya shaba ya njano na ukiipanua hata kidogo matumizi yake yameharibika moja kwa moja. Uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme unavumilika. Iinue juu uitazame kwenye mwanga, uone duara kamili.

Ikiwa ni kinyume, imemeza mafuta mengi, plagi inachuruzika: funga koki, rudisha choki, fungua akseli yote, piga stata sekunde tano mara mbili tatu bila kupampu. Hewa nyingi inakausha silinda. Ikiwaka afu kesho ikajaa tena basi floti au sindano yake haifungi.

Ya kabureta na ya injekta haziulizwi maswali yaleyale

Kwenye injekta mambo ya nati ya bakuli hayapo. Unachofanya kwanza ni kunyamaza. Washa swichi bila kupiga stata, sikiliza kwenye tenki: pampu inalia "zzzii" sekunde mbili tatu afu inanyamaza. Ikiwa kimya kabisa, fyuzi, rilei, waya, au pampu. Ikilia haimaanishi presha ipo, nyingi zinatakiwa kama bar 3 na pampu iliyochoka inaweza kulia vizuri na kusukuma nusu. Na hapo usilegeze paipu ukachungulia, petroli ya bar 3 inakurukia. Kabureta unaikagua kwa kikombe, injekta inataka geji ya presha, hiyo ndo tofauti kubwa kwa mtu wa nyumbani.

Lakini injekta ina kitu kabureta haina, inasema. Taa ya injini kwenye dashbodi ikipepesa, hesabu. Kwenye Honda nyingi kupepesa kurefu ni kumi na kufupi ni moja, mrefu mmoja na fupi mbili ni 12, unatafuta 12 kwenye kitabu chake. Mtu wa kabureta angelipia hiyo.

Mtego wa injekta ni huu: ukikuta moto hamna NA mafuta hamna kwa pamoja, usianze kushika vyote viwili. Sensa inayosoma mzunguko wa krenki ikifa, ECU (kompyuta ya injini) haijui injini inazunguka, kwa hiyo haitoi moto wala haifungui injekta. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Taa ya ufunguo nayo iangalie kama pikipiki ina ulinzi wa wizi, isipotambua ufunguo zipo zinazozunguka tu bila kuwaka.

Yule wa tatu ambaye makundi yote mawili yanamsahau

Moto upo, mafuta yapo, plagi mpya, na bado. Sikiliza mlio wa stata. Injini yenye pumzi inazunguka kwa kusitasita, kila pistoni ikipanda inalemewa. Isiyo na pumzi inazunguka haraka na laini kama feni, na huo mlio ukishausikia mara moja hutausahau.

Kidole gumba au geji? Kidole kwenye tundu la plagi, stata, kikisukumwa kwa nguvu pumzi ipo. Kinakutenganisha kati ya "ipo" na "hamna", lakini katikati hapo kidole hakijui kitu. Geji inajua, pikipiki ndogo nzima nyingi zinasoma kuanzia bar 10 kupanda, chini ya 7 kuwaka ni shida. Akseli iwe wazi kabisa wakati wa kupima, na jua kwamba injini zenye kifaa cha kupunguza pumzi wakati wa kuwasha zinasoma chini ingawa ni nzima. Ikisoma chini tia kijiko cha oili kwenye tundu upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Na kabla hujalia kuhusu valvu pima tapeti (nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma), injini ikiwa baridi, pistoni juu kwenye mgandamizo. Nafasi yake ni ndogo, mara nyingi kati ya 0.05 na 0.15 mm kutegemea mashine. Watu wanaogopa tapeti zinazopiga kelele, ila inayonyima pikipiki kuwaka ni ile iliyokaza ikanyamaza, valvu haifungi kabisa na pumzi inavuja. Dalili yake ni pikipiki inayowaka asubuhi na kugoma ikiwa ya moto, au inayokataa stata na kukubali ukiisukuma kwenye mteremko kwa sababu mwendo ni mkubwa na pumzi haipati muda wa kuvuja. Kuna mtu anaweza akasukuma miezi sita akisema "stata yangu mbovu".

Kusukuma kwenyewe kama njia ya kuwasha, sawa kama betri ni dhaifu. Kama moto hamna unasukuma bure, na mafuta mabichi yote yanaenda kwenye eksozi, siku ikishika inalipuka "pwaa" nyuma, na zenye kichujio cha moshi kinaharibika.

Ufanye mwenyewe au umwite fundi

Plagi, kofia, nati ya bakuli, fyuzi, kusikiliza pampu, hayo fanya. Kabureta fanya kama una sehemu safi ya kuwekea vitu na subira. Tapeti kama una fila geji (vibapa vya kupimia nafasi) na umeona mtu akifanya hata mara moja. Presha ya injekta, sensa ya krenki, ringi, magneto iliyokatika kabari yake na kuhama taimingi (hiyo inarudisha kiki kwa nguvu mguuni, utaijua) mpe mwenye vifaa.

Ukimpelekea usiseme tu "haiwaki". Mwambie ilizimaje, plagi uliikuta imelowa au kavu, moto uliuona au hukuuona na uliupima na nini. Ile plagi ya zamani ifunge kwenye karatasi bila kuifuta umpe nayo.